NYUMBA NA TOHARA: KARO JEUPE LA JIKONI



Baadhi ya vijana wanaojenga hapa Kibiti wametuuliza: je, yafaa kuweka jikoni karo jeupe la kuoshea vyombo, lile liitwalo sinki, au hiyo ni israfu? Twajibu kwamba ni jambo la halali, na kwa mama wa nyumba ni rehema. Lakini mwenye kulinunua kwa weupe wake tu atajuta, kama tulivyojuta sisi.

Mama wa watoto wetu aliosha vyombo miaka mingi ameinama juu ya beseni lililowekwa chini, hata mgongo ukamsumbua. Tulipojaliwa, tukanunua karo jeupe. Haikupita miezi mitatu likaingia doa la rangi ya kutu. Tukamkaripia binti yetu kwa uvivu, naye akanyamaza, akasugua kwa mchanga hata vidole vikachubuka. Baadaye tukaona kwamba bomba lilikuwa likidondoka usiku kucha, na maji yetu ya kisima yana chuma. Kosa lilikuwa letu. Tukamtaka radhi, kwani mzazi naye hudhulumu. Basi tuliyojifunza ni haya.

Kwanza, kuchagua. Karo la chuma lililopakwa rangi ya kauri likibanduka hata kidogo hushika kutu. Karo la udongo mzito uliochomwa hudumu zaidi, ila lina uzito. Ligonge kwa kifundo cha kidole: likilia wazi ni zima, likitoa sauti ya mchakacho huenda lina ufa. Liwekee ubao ulionyooka mdomoni uone kama halikupinda tanuruni. Kisha fikiri uzito: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo karo la lita 40 likijaa huongezewa kilo 40. Ukuta wa miti na udongo hauwezi mzigo huo. Lijengee nguzo mbili za matofali kutoka chini. Na kimo chake kipimwe kwa yule atakayeosha, si kwa fundi.

Pili, maji machafu. Bomba la chini lipindwe mfano wa herufi U, ili maji yanayobaki humo yazuie harufu na mende. Shimo la kupokea maji hayo liwe mbali na kisima, lisipungue mita 30, tena upande wa mteremko. Wenzetu walioona mafuriko ya Aprili 2024 katika Kibiti na Rufiji hawahitaji kuelezwa jinsi maji ya shimo na maji ya kisima yanavyochanganyika.

Tatu, kulitunza. Mama zetu husugua sufuria kwa mchanga na majivu, na sufuria hung'aa. Karo la kauri sivyo. Mchanga hulikwaruza, uchafu ukajificha katika mikwaruzo, na kila ukisugua ndipo lizidipo kuchafuka. Tumia sabuni na kitambaa laini, kisha likaushe. Doa la kutu, au ukoko mweupe wa chumvi, lipake maji ya ndimu au siki kwa muda mfupi, ulisuuze vema. Usiichanganye ndimu wala siki na dawa ya klorini, kwani hutoka hewa ya sumu. Usimwage mafuta yachemkayo humo, na bomba lidondokalo litengenezwe siku ile ile.

Nne, tohara. Maji ya karo hayafiki kula mbili, na kwa madhehebu yetu ya Shafi maji machache yakiingiwa na najisi hunajisika yote. Basi nguo za mtoto zenye najisi zisiloweshwe mahali pa vyombo vya chakula. Osha kwa sabuni kwanza, kisha suuza kwa kumiminia. Wala usiache bomba wazi: Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu, nayo haizidi sana kujaa kwa viganja viwili. Ndugu zetu wa delta, ambako bahari huingia mitoni na visima vingi vina chumvi, hufuata maji matamu kwa mtumbwi. Wao waijua thamani ya kata moja kuliko sisi wa bara.

Na asiyekuwa na uwezo asihuzunike wala asikope. Uchanja imara wa miti, wenye kimo cha kiuno, na mabeseni mawili juu yake, moja la kuoshea na moja la kusuuzia, humwinua mama kutoka chini vile vile. Kazi hiyo ni ya siku moja kwa kijana mwenye panga na kamba. Enyi vijana, kabla hamjauliza bei ya karo, tazameni leo jioni mama zenu wanaoshea vyombo wapi, na wamekaaje.

Wabillahi tawfiki.