Kiarabu cha Chuoni Hakitoshi, Wafunzwe na Kitagalogi

Mtu akisema leo kwamba binti wa Kiislamu anayekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani ajifunze Kitagalogi, yaani lugha ya Wafilipino, atachekwa. Ataulizwa, Manila na Jeddah wapi na wapi? Mimi nasema achekwe, lakini asikilizwe. Naandika haya nikiwa mtu wa Mombasa niliyekaa mitaa ya mashariki ya Nairobi miaka mingi, na ninayoyaona huku nataka yafike Kisauni, Malindi na Lamu, kwa sababu wanaosafiri ni watoto wetu wa huku na wa huko.

Huku Eastlands, kuanzia Pumwani na Shauri Moyo mpaka Umoja na Kayole, safari ya Ghuba imekuwa jambo la kawaida kabisa. Ploti haikosi msichana aliyekwenda, aliyerudi au anayengoja viza. Vyumba vya kuwafunza vimefunguliwa juu ya maduka, na humo wasichana huonyeshwa mashine ya kufulia, namna ya kupiga pasi kanzu ya bwana, na Kiarabu kidogo. Nimelisoma daftari la binti wa jirani yangu. Kiarabu chake ni kurasa sita, na karibu kila neno ni amri: njoo, leta, osha, pika, haraka, nyamaza. Upande wake yeye amepewa maneno mawili tu, "naam" na "hadhir". Namna ya kusema naumwa, sijala, au nataka kumpigia mama simu, hilo halimo.

Wazazi wetu wa pwani wana jibu lao. Husema, mwanangu amekhitimu msahafu, Kiarabu hakitamshinda. Wasomaji wapenzi, tusijidanganye. Kusoma ni kitu kimoja na kuzungumza ni kitu kingine, na Kiarabu cha msahafu sicho cha jikoni Riyadh. Chuoni tulifundishwa "idhhab" kuwa ni nenda. Kule nyumbani mwanamke huambiwa "ruuhi", na mtoto wa Kiswahili akilisikia neno hilo huenda akadhani anaitwa roho yangu, kumbe anafukuzwa sebuleni!

Wengine hutaja Oman. Ni kweli Muscat wapo watu wazima wanaosema Kiswahili safi kuliko sisi, waliozaliwa Unguja na Pemba wakahama baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Binti akiangukia nyumba kama hiyo amebahatika. Lakini bahati hiyo hutaipata Dammam wala Kuwait.

Basi huko jikoni yuko na nani? Mara nyingi yuko na Mfilipino. Kama hayumo nyumba hiyo, yumo nyumba ya pili. Mabaharia wetu hili si geni kwao, maana Wafilipino ndio wamejaa melini duniani kote, na kijana wa Mombasa aliyewahi kusafiri hakosi kurudi na "salamat" mdomoni.

Neno hilo "salamat" linatosha kufungulia mlango. Maana yake ni ahsante, na asili yake ni Kiarabu kilichopitia kwa Wamalai, sawa na "hukom", ambaye ni hakimu. Manila yenyewe, kabla Wahispania hawajaitwaa mwaka 1571, ilikuwa na mtawala Mwislamu, Raja Sulayman. Mpaka leo Waislamu wa nchi hiyo wako Mindanao na Sulu, na tangu 2019 wana serikali yao ya ndani ya Bangsamoro. Kitagalogi ni lugha ya watu wa Manila na pande zake, ikafanywa msingi wa lugha ya taifa mwaka 1937. Wasemao lugha nyingine visiwani wananung'unika, kama sisi wa Kimvita tunavyonung'unika tangu mkutano wa 1928 ulipokichagua Kiunguja, tena mkutano wenyewe ulifanyika Mombasa kwetu!

Mimi nimejifunza haya Kaloleni, nina maana Kaloleni ya Nairobi, ile ya nyumba za mawe, si ile ya Kilifi. Yuko mama mmoja aliyefanya kazi Jeddah miaka sita. Jumapili baada ya adhuhuri huwakalisha wasichana barazani kwake akawafunza bila kutoza senti. Nilikwenda mara ya kwanza kwa udadisi, na sasa huenda kwa kupenda.

La kwanza anawaambia wasiogope matamshi. Irabu ni kama zetu. Ile sauti ya ng'ombe inayowatoa jasho Wazungu imejaa katika Kitagalogi, hata mwanzo wa neno: "ngayon", yaani sasa, husemwa ng'ayon. Polepole ni "dahan-dahan", neno limerudiwa kama letu. Hapana ni "hindi", na hakuna ni "wala", ambalo kwetu pia ni la kukana. Hesabu ni isa, dalawa, tatlo, apat, lima, anim, pito, walo, siyam, sampu. Mzee aliyewahi kufika Buki, yaani Madagaska, atashtuka hapo, kwani Wabuki nao saba wanaiita "fito" na nane "valo". Ni ukoo mmoja wa lugha uliovuka bahari yetu hii zamani sana.

Yapo maneno ya kuchekesha ambayo msichana asipoyajua yatamtia mashakani. "Pera" si tunda, ni pesa. "Bata" si ndege, ni mtoto, na yaya atalisikia kutwa. "Iba" ni nyingine, kwa hiyo akiambiwa "iba" asidhani anatumwa wizi.

Lakini mahali ambapo mtu wa pwani hujisikia yuko kwao ni chakula. Mwingereza ana neno moja tu la mchele, ukiwa shambani, ukiwa guniani au ukiwa sahanini. Sisi tuna mpunga, mchele na wali. Mfilipino naye ana "palay", "bigas" na "kanin", kimoja kwa kimoja. Nazi ni "niyog", dafu ni "buko", tui ni "gata". Wana kibao cha kukalia chenye meno ya chuma, "kudkuran", ambacho mama yeyote wa Kibokoni akikiona atasema, hii ni mbuzi ya kukunia nazi. Wana mkate wa mchele na tui, "bibingka", ambao kwa desturi huokwa kwa makaa chini na makaa juu, kama mkate wetu wa sinia. Na anayekula akimwona mtu anapita humwambia "kain tayo", tule, hata kama sahani ni ya mtu mmoja. Sisi tunasema karibu, kwa sababu ile ile.

Adabu nazo zimo. Kijana hupokea mkono wa mkubwa wake akauweka kwenye kipaji cha uso akisema "mano po". Sisi tunaubusu mkono huo na shikamoo yetu. Ile "po" ni ya heshima na huambatana na maneno mengi: "opo" ni ndiyo, "salamat po" ni ahsante kwa aliyekuzidi. Mwanamke mkubwa kwako ni "ate", dada, hata kama hamkuzaliwa pamoja.

Neno hili "ate" ndilo lililomwokoa mama wa Kaloleni. Mwaka wake wa pili aliugua homa asiweze kusimama, na simu yake ilikuwa imechukuliwa na tajiri wake. Juu ya dari, mahali pa kuanika nguo, alimwona Mfilipino wa nyumba ya pili akamwambia, "Ate, may sakit ako. Tulungan mo ako." Dada, naumwa. Nisaidie. Yule mwanamke hakumjua jina wala dini. Alijua nambari ya kupiga, akapiga kwa wenzake, nao wakamtafuta Mkenya mmoja mjini. Siku ya tatu alikuwa hospitali.

Sasa tuulize, kwa nini Mfilipino alikuwa na nambari na Mkenya hana? Hapa pana siasa, wala sitaipita. Nchi ya wenzetu imepeleka wafanyakazi nje kwa mpango wa serikali tangu sheria ya kazi ya 1974, nayo imejifunza kwa machozi. Mwaka 1995, baada ya mtumishi wa nyumbani Flor Contemplacion kunyongwa Singapore, ghadhabu ya wananchi ilizaa sheria ya kuwalinda walio nje. Mwaka 2006 wakaweka mshahara usiopungua dola 400 kwa mwezi kwa watumishi wa nyumbani. Mwaka 2018, mwili wa mmoja wao ulipokutwa ndani ya friza Kuwait, walizuia safari za huko mpaka Mei mkataba ukatiwa saini, ambao ndani yake mwajiri hakuruhusiwa kumnyang'anya mfanyakazi pasipoti wala simu. Mwaka 2021 sheria ikaunda wizara nzima ya wafanyakazi walio ng'ambo. Riyadh ubalozi wao una nyumba ya hifadhi, "Bahay Kalinga". Binti zao hawaondoki bila kufunzwa, na katika mafunzo hayo kuna lugha ya nchi waendayo.

Sisi tulipiga marufuku mwaka 2012 na tena 2014, kisha tukafungua milango. Marufuku haikumzuia mtu. Waliokusudia walipitia nchi jirani, na huko hawakuwa na hata zile kurasa sita za Kiarabu.

Kuna hoja moja ya wazazi ambayo siidharau. Wanasema Wafilipino wengi ni Wakatoliki na chakula chao si chetu. Jibu liko katika lugha yenyewe. "Baboy" ni nguruwe, na binti aliyefunzwa kusema "hindi ako kumakain ng baboy", mimi sili nguruwe, ataheshimiwa sahanini kwake kuliko yule anayekaa kimya na kushuku kila sufuria. Baharia naye alishike hilo kabla hajapanda meli yenye mpishi wa Kifilipino.

Sisemi Kiarabu kiachwe. Kiarabu cha nyumbani kifunzwe sawasawa, pamoja na maneno ya kudai na ya kukataa, si ya kuitikia tu. Ninachodai kwa wenye vyumba hivi vya mafunzo, ambao ada wanaitoza bila haya, ni saa moja kwa wiki ya Kitagalogi, na mwalimu awe aliyerudi, si aliyesoma kijitabu. Ningekuwa mimi, ukurasa wa kwanza ungekuwa na haya: "tulong", msaada, "gutom ako", nina njaa, "pagod na ako", nimechoka, "pahiram po ng telepono", niazime simu.

Na mama wa Kaloleni huongeza onyo ambalo kijitabu hakina. Wafanyakazi wawili wakisema lugha asiyoijua mwenye nyumba, bibi huyo huingiwa na shaka, na siku ya pili mmoja wao hupelekwa kwa shemeji au kwa mama mkwe. Kwa hiyo mbele ya bibi semeni Kiarabu, hata kiwe kibovu namna gani. Kitagalogi kiwekeni cha darini, wakati wa kuanika nguo.