Usimtoe Mwanao Chuoni kwa Ajili ya Intavyuu



Msimu wa intavyuu za skuli za binafsi umeingia na simu yangu haipumziki. Swali ni lile lile: "Dada, nimtoe chuoni kwa muda, alasiri apate tuisheni?" Nalijibu hapa mara moja: usimtoe. Wala sisemi kwa kuwa najua sana. Mimi nilimtoa wangu.

Alikuwa na miaka sita, kafika nusu ya Juzuu Amma. Nikamwambia ustadhi tunapumzika miezi mitatu, nikamtafutia mwalimu wa Kiingereza na hesabu. Asubuhi maneno, alasiri maneno, hata kwenye chakula namuuliza kijiko kinaitwaje. Akikosea nakunja uso. Siku yenyewe tulikaa foleni mama watupu na mabuibui yetu, kila mmoja anamnong'oneza wake majibu. Mwalimu, mwanamke mpole tu, akamuuliza jina lake. Jina lake! Mtoto akaniangalia usoni, akanyamaza, machozi yakadondoka kwenye karatasi. Hakujibu hata swali moja.

Kwenye daladala akaniuliza: "Mama, sasa naruhusiwa kurudi chuoni?" Miezi yote ile alidhani kafukuzwa kwa kosa.

Hofu yetu si ya kijinga. Skuli za serikali hufundisha kwa Kiswahili madarasa ya mwanzo, na sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilipeleka hesabu na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mama anataka mwanawe asije kuzama siku hiyo. Lakini intavyuu ya darasa la kwanza si jambo kubwa kama tunavyolifanya. Wanatazama kama mtoto anakaa akasikiliza, anashika penseli, anajua herufi na kuhesabu, na anaweza kumjibu mtu asiyemjua. Hilo la mwisho ndilo wanaloliwa nalo wengi, na chuo kinalifundisha kila siku: mtoto anasoma mbele ya ustadhi peke yake, kwa sauti, wenziwe wanasikia, akikosea anarejea. Nikikumbuka kwamba huko ndiko nilikomtoa, najicheka mwenyewe.

Kiingereza, kweli, chuoni hakipati. Basi mpe dakika ishirini baada ya Maghrib, kitabu cha picha kimoja hicho hicho mpaka akizoee. Nenda naye Darajani, ahesabu ndimu mwenyewe na amwambie muuzaji anachotaka. Na akiulizwa jina na mgeni, jamani, usimjibie! Sisi akina mama tuna ugonjwa huo. Usiku wa kuamkia intavyuu alale mara baada ya Isha. Hina ya jirani itapakwa bila ya nyinyi kuwepo.

Katika Surat Luqman, Luqman anamwita mwanawe kwa neno la mapenzi kabla ya kumpa wasia wowote. Mimi nilianza na kukunja uso.

Nanyi mabibi harusi, msirukie ukurasa mkidhani hayakuhusuni. Suala la skuli linagombanisha nyumba nyingi: mume anahesabu ada, mke anatazama watoto wa shoga yake wamepelekwa wapi. Mliulize mapema, wakati mnaulizana mtakaa wapi. Mimi nilijaza fomu kwanza, mume wangu akaja kujua wakati wa kulipa. Nusu ya ule mkunjo wa uso wangu ulikuwa ni pesa yake niliyoogopa kuipoteza, na mtoto ndiye aliyebeba.

Binti yangu ana intavyuu wiki ijayo. Jana kaenda chuoni kama kawaida, na leo ataenda. Tumeshakubaliana na baba yake: akipata, alhamdulillah, asipopata, ataingia skuli ya serikali anayosoma kaka yake, na hakuna shangazi wala jirani atakayepigiwa simu kuelezwa. Kaka mtu sasa yuko darasa la nne. Yeye ndiye anayemsikiliza mdogo wake maneno ya Kiingereza kila baada ya Maghrib, na akikosea wanacheka wote wawili.