Istilahi za Kompyuta Zitokane na Kazi, Si na Jina

Tangu Jambo OpenOffice ilipotolewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ni vigumu kudai kwamba Kiswahili hakina nafasi kwenye skrini ya kompyuta. Faili, menyu na dirisha vimekwisha kupata majina. Hata hivyo, majina hayo yanahusu kile kinachoonekana kwa macho. Ndani zaidi, mahali ambapo mfumo endeshi hugawa na kulinda kumbukumbu, istilahi zetu zingali haba, na baadhi ya zinazopendekezwa hupotosha. Sababu kuu ni kwamba jina la Kiingereza hutafsiriwa kabla ya kazi yenyewe kuchunguzwa. Udhibiti wa kumbukumbu ya pamoja katika mifumo ya Unix na Linux ni mfano mwafaka.

Kwa kawaida, kila programu inayoendeshwa huwa na eneo lake la kumbukumbu, na kiini cha mfumo huizuia kugusa eneo la jirani. Lakini programu mbili zinapohitaji kutumia data nyingi kwa haraka, kuinakili data hiyo kila mara hupoteza wakati. System V, mfumo uliotolewa na kampuni ya AT&T mwaka 1983, ulieneza njia nyingine. Kiini hutenga kipande kimoja cha kumbukumbu, nazo programu zenye idhini hukisoma na kukiandika kwa pamoja. Kuna mwito wa kukiomba kipande hicho, wa kukibandika kwenye eneo la programu, wa kukibandua, na wa nne, uitwao shmctl, wa kukidhibiti.

Ni bayana kwamba Kiswahili hakikosi nyenzo hapa. Bandika na bandua ni vitenzi vya mzizi mmoja. Kauli ya kutendua inatosha kuonyesha kwamba kitendo cha pili hutengua cha kwanza. Mwanafunzi haelezwi zaidi.

Tatizo hujitokeza katika mwito wa shmctl, ambao hupokea amri tatu kuu. IPC_STAT husoma taarifa za kipande: ukubwa wake, mmiliki wake, na idadi ya mabandiko yaliyopo. IPC_SET hubadilisha mmiliki na idhini. Ya tatu, IPC_RMID, imepewa jina linalomaanisha kuondoa kitambulisho, na mtafsiri mwenye haraka ataiita "futa".

Kumbe kipande hakifutwi papo hapo. Kiini hukitia alama tu, na programu zilizokwisha kukibandika huendelea kukitumia hadi ya mwisho itakapokibandua. Hapo ndipo kinapoangamizwa. Ni mithili ya jengo la kando ya barabara lililochorwa alama ya X nyekundu: hukumu imekwisha kutolewa, ilhali wapangaji wangali ndani.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Amri hii isipotolewa, kipande husalia kwenye kumbukumbu hata baada ya programu zote kufa, mpaka mashine izimwe. Kwa hiyo, mwandishi wa programu aliye mwangalifu huitoa mapema, mara tu wahusika wote wanapokwisha kukibandika kipande, ili hata programu zikianguka ghafla pasibaki mabaki. Mwanafunzi aliyefundishwa neno "futa" hatathubutu kufanya hivyo, kwani ataamini kwamba anaharibu data inayotumika. Istilahi "agiza ufutaji" ingemwepusha na hofu hiyo.

Hali kadhalika, idadi ya mabandiko si takwimu ya pembeni. Mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL, ambao tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013 hutumia kipande kidogo tu cha aina hii, huitazama idadi hiyo ili usianzishe seva mpya juu ya data ambayo michakato ya awali ingali inaitumia. Anayeielewa vibaya anaweza kuhatarisha rekodi za watu.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya wahandisi, na kwamba majina kama shmctl hayatafsiriki. Ni kweli majina hayo yatabaki yalivyo, kwa kuwa ni sehemu ya programu. Kinachodaiwa ni lugha ya kuyaelezea. Mhandisi anaijua kazi, mwanaisimu anazijua kauli za vitenzi; kila mmoja akijitenga, istilahi huzaliwa ikiwa na kasoro. Yafaa vyama vya Kiswahili vyuoni viketi na wanafunzi wa kompyuta, na kila istilahi inayopendekezwa iandamane na sentensi moja inayoeleza kinachotendeka hasa. Sentensi hiyo ikikataa kuafikiana na istilahi, istilahi ndiyo ibadilishwe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.