Nukta na mkato vinavyokula faida

Mfanyabiashara wa Kariakoo akibandika karatasi ya bei iliyoandikwa 15,000/=, hakuna mteja atakayeuliza maana yake. Mkato unatenga maelfu. Mkwaju na ile mistari miwili vinasema kwamba hakuna senti, desturi iliyobaki tangu enzi ambazo senti zilikuwa na kazi yake sokoni. Mtu husoma "elfu kumi na tano" bila kusita.

Kompyuta haina desturi hiyo. Programu nyingi zimejengwa kwa lugha ya C au kwa lugha zilizozaliwa nayo, na ndani ya C kuna chombo kiitwacho strtod, ambacho kazi yake ni kugeuza maandishi kuwa namba yenye desimali. Chombo hiki husoma tarakimu kutoka kushoto na kusimama kinapokutana na alama kisichoitambua. Kikipewa 15,000/= katika mpangilio wake wa kawaida, husoma 15 na kusimama kwenye mkato. Elfu kumi na tano imekuwa kumi na tano. Mtengenezaji wa programu huachiwa alama ya mahali usomaji uliposimama, ili akitaka akague kilichobaki. Mvivu hakagui, na hesabu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo wafanyabiashara na wawekezaji wadogo hawajaitilia maanani. Kosa linalosimamisha mashine halina hasara kubwa, kwa sababu karani ataita fundi. Kosa linalopita kimya huingia kwenye daftari, likatoka kwenye daftari likaingia kwenye ankara, na likatoka kwenye ankara likaingia benki.

Mambo huwa mazito zaidi mpakani. Tanzania, Kenya na Uganda hufuata desturi ya Kiingereza, yaani mkato kwa maelfu na nukta kwa desimali. Kongo na Burundi hufuata ya Kifaransa, ambayo desimali yake ni mkato. Lugha ya Kiswahili yenyewe imegawanyika. Katika CLDR, hazina ya kimataifa ya desturi za lugha ambayo programu nyingi huitegemea, Kiswahili cha Tanzania huandika 1,250.75 na Kiswahili cha Kongo huandika 1.250,75. Watu wawili wanaoelewana kila neno kwenye simu wanaweza kupelekeana bei zinazotofautiana mara elfu.

Tuseme mfanyabiashara wa Kigoma anauza bidhaa ng'ambo ya ziwa, Kalemie. Mnunuzi wake anamletea faili la bei, na ndani yake kuna 1.250, kwa maana ya faranga elfu moja mia mbili na hamsini. Kompyuta ya Kigoma inasoma moja na robo. Mstari unaofuata una 1.250,75. Huu Excel ya Kigoma haiuelewi kabisa, kwa hiyo inauhifadhi kama maneno na kuusogeza upande wa kushoto wa kisanduku. Jumla ikipigwa kwa SUM, kisanduku chenye maneno hurukwa bila onyo. Jumla inatoka ikiwa safi, ina mistari yake miwili chini, na haina ukweli ndani yake. (Karani mwenye jicho huzitambua namba zilizojibanza kushoto wakati wenzake wamesimama kulia. Jicho hilo linastahili nyongeza ya mshahara.)

Wajerumani wana kichekesho chao. Katika Excel iliyopangwa kwa Kijerumani, anayeandika 1.5 akidhani anaandika moja na nusu hupewa tarehe 1 Mei, kwa kuwa huko nukta hutenganisha siku na mwezi.

Kwa wanaofanya biashara na Oman, mtego ni wa aina nyingine. Riali ya Oman ina baisa 1,000, si senti 100, kwa hiyo bei zake huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Riali moja na nusu ni 1.500. Mfanyabiashara wa Unguja aliyezoea nukta hatapata taabu. Bei hiyohiyo ikipitia kwa wakala wa Hamburg au Lubumbashi ambaye mashine yake inahesabu nukta kuwa kitenga maelfu, moja na nusu inageuka elfu moja na mia tano. Hakuna aliyedanganya wala aliyekosea kuandika.

Safari ya kurudi, kutoka namba kwenda maandishi, nayo ina hasara zake. Excel inapohifadhi jedwali kama faili la CSV, hutoa kile kinachoonekana kwenye kioo, si kile kilichomo ndani. Chukua kiwango cha Shilingi 2,500 kwa dola. Kigeuze, na shilingi moja ni dola 0.0004. Kisanduku kikiwa kimepangwa kuonyesha tarakimu mbili za desimali, kinachoonekana ni 0.00, na hicho ndicho kinachotoka kwenye faili. Anayepokea faili na kuzidisha mamilioni yake kwa kiwango hicho atapata sifuri, ambayo angalau itamshtua. Aliyepoteza tarakimu ya tatu au ya nne hashtuki.

Wawekezaji wa hisa wana kisa chao cha Vancouver, Kanada. Soko la hisa la mji huo lilianzisha kielezo chake Januari 1982 kwa pointi 1,000. Kila kielezo kilipokokotolewa upya, na hilo lilifanyika maelfu ya mara kwa siku, tarakimu zilizozidi tatu baada ya nukta zilikatwa badala ya kukadiriwa kwenda juu au chini. Kufikia Novemba 1983 kielezo kilikuwa kimeshuka hadi pointi 524 na ushei. Kiliposahihishwa kilisimama zaidi ya 1,098. Soko lililokuwa limepanda lilionekana kwa miezi mingi kuwa limepoteza karibu nusu ya thamani yake. Tatizo la hapo halikuwa mkato wala nukta. Lilikuwa ni lile la faili la CSV lililotajwa hapo juu, la kutupa mkia wa namba kabla hesabu haijakwisha.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni dunia nzima kukubaliana alama moja. Hao wasubiri sana. Mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo ulilipima suala hili na kuamua kwamba nukta na mkato vyote ni halali kwa desimali. Ulichosisitiza ni kwamba makundi ya tarakimu tatu yatengwe kwa nafasi tupu, si kwa nukta wala mkato. Uamuzi huo ni wa busara, ila nafasi tupu nayo ina yake: strtod ikipewa 1 250,75 husoma 1 na kusimama.

Kwa hiyo mtu asilazimishwe kuacha desturi yake. Mkongo asome mkato, Mtanzania asome nukta, na kila mmoja aone kwenye kioo na kwenye karatasi namba alizozizoea. Lakini faili linalotoka kompyuta moja kwenda nyingine halisomwi na mtu, na halipaswi kuvaa nguo za nchi yoyote. Liandikwe kwa namna moja: tarakimu tupu, nukta ya desimali, pasipo kitenga maelfu, pasipo /=, na jina la fedha katika safu yake. Tarakimu za desimali zisikatwe njiani. Kukadiria kufanywe mwishoni, kwenye ankara. Lugha nyingi za programu zina vyombo vya kusoma na kuandika hivyo bila kutazama mipangilio ya nchi. C++ imekuwa navyo tangu toleo la 2017. Muuzaji wa programu za mahesabu anayesema haiwezekani anauza uvivu wake.

Mnunuzi wa programu naye ana haki ya kujaribu kabla ya kulipa. Mwambie muuzaji aipange kompyuta yake kwa Kifaransa, aingize 1250.75, ahifadhi, airudishe kompyuta kwenye Kiingereza na kufungua faili lilelile. Kisha arudie kwa 0.0004. Kazi hiyo haizidi dakika kumi. Ikitoka namba nyingine yoyote, fedha ibaki mfukoni.

Na kwa ankara kubwa za kuvuka mpaka, ipo kinga ambayo kila mwenye kitabu cha hundi anaijua: kiasi kiandikwe kwa tarakimu, na chini yake kwa maneno. "Elfu moja mia mbili na hamsini" husomeka hivyohivyo Kigoma na Kalemie.