Mcheza Kwao Hutuzwa, Lakini Je, Huambiwa?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii hutajwa aghalabu mtu anapopongezwa na jamaa zake, na ni nadra sana sisi wanafunzi wa fasihi kujiuliza maana ya kitenzi kilichobeba uzito wake. Kutuza ni nini hasa? Je, ni kumpa mtu zawadi tu, au pia ni kumwambia jambo? Swali hili limenisumbua kwa miaka kadhaa, si darasani, bali usiku wa manane mbele ya tarakilishi, nikiifanya kazi ambayo hainiletei hata senti moja.

Mimi ni mhariri wa ridhaa wa video za mashabiki. Mchana husoma kwa ajili ya shahada yangu ya uzamili. Usiku huchukua tamthilia niipendayo, hasa za Kikorea, nikaikata vipande vya sekunde mbili tatu, nikavipanga upya juu ya wimbo mmoja hadi vitoe maana ambayo haikuwa dhahiri katika tamthilia yenyewe. Video ya dakika tatu na nusu hunichukua wiki tano au sita. Likizo moja nilikuwa kwa mama mdogo, Kisauni, naye akaamka saa nane za usiku kunywa maji, akanikuta bado nimeinamia kazi.

“Hii yote, mwanangu, nani akulipa?”

“Hakuna, mama.”

“Sasa wafanya kwa nini?”

Nilimjibu kwamba yapo mashindano ya wahariri, na kwamba washindi hupewa tuzo. Akauliza ni pesa ngapi. Nikamwambia si pesa, ni nembo ya kuiweka kando ya jina lako. Alirudi kulala bila kuridhika na, kusema kweli, hata mimi sikuridhika na jibu langu. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya. Ninahoji kwamba tuzo za jumuiya yetu ni za lazima, ila zimepungukiwa na jambo moja ambalo bila hilo hugeuka kuwa kelele: sababu iliyoandikwa.

Yafaa kwanza msomaji ajue kwamba sanaa hii si mtoto wa jana. Mwaka 1975 huko Marekani, shabiki wa Star Trek aitwaye Kandy Fong alichukua slaidi zilizotokana na vipande vya filamu vilivyotupwa, akazionyesha mbele ya mashabiki wenzake kwa kufuata wimbo uliorekodiwa kwenye kanda. Mwaka 1982, Jim Kaposztas aliunganisha mashine mbili za video, akachukua matukio ya vita na maangamizi katika katuni ya Kijapani Star Blazers, akayaweka juu ya wimbo wa The Beatles unaousifu upendo. Katika miaka hiyo ya kanda, kila mkato ulikuwa jasho. Mhariri alisimamisha mashine moja na kuanzisha nyingine kwa mkono, na akikosea kidogo sharti arudie. Wengi wa walioijenga sanaa hii katika mashabiki wa Star Trek na tamthilia nyingine walikuwa wanawake, waliokutana katika sebule zao kufundishana. Historia yao imeandikwa na Francesca Coppa katika kitabu kilichotolewa mwaka 2022.

Mwanafunzi wa fasihi akiitazama kazi ya Kaposztas atakitambua mara moja kinaya. Picha zinasema hivi, wimbo unasema vile, na maana inazaliwa katika pengo lililo kati yake. Ndiyo sababu ninashikilia kwamba video ya shabiki ni uhakiki. Mhariri amechagua matukio, ameyaacha mengine, ameyapa mpangilio mpya, na kwa kufanya hivyo ametoa hoja kuhusu matini asilia. Isitoshe, Afrika Mashariki hatuna sababu ya kuiona kazi hii kuwa ngeni. Marehemu Lufufu wa Tanzania alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na hapa kwetu DJ Afro amefanya vivyo hivyo hadi sauti yake ikajulikana vibandani. Hao huichukua filamu ya mtu mwingine wakaitia sauti yao. Sisi huinyamazisha filamu tukaitia wimbo. Pande zote mbili huifanya kazi ya mwingine iseme jambo jipya kwa hadhira mpya.

Hata hivyo, ipo tofauti moja kubwa, nayo ni ya kiuchumi. Video ya shabiki haiuziki. Picha ni mali ya mwingine, na wimbo ni mali ya mwingine tena. Marekani iliporuhusu mwaka 2010 kwamba kinga za diski za DVD zinaweza kufunguliwa ili vipande vifupi vitumiwe katika video za uhakiki au ufafanuzi, ruhusa hiyo ilihusu video zisizo za kibiashara. Kwa hivyo, mhariri wa ridhaa hatarajii mshahara, wala mrabaha, wala mkataba. Malipo pekee awezayo kuyapata ni kutazamwa kwa makini na mtu anayeijua kazi. Hapo ndipo tuzo zinapoingia, na hapo ndipo ninapoona kasoro.

Naomba nitoe ushahidi wangu mwenyewe. Katika mashindano ya kwanza niliyoshiriki, mshindi aliamuliwa kwa kura. Niliwaandikia binamu zangu, wanafunzi wenzangu na hata jirani yetu wa zamani. Nilishinda. Siku chache baadaye binamu mmoja alinipongeza kwa moyo mkunjufu, kisha akaniuliza video yenyewe ilihusu nini. Alikuwa amenipigia kura bila kuitazama. Nembo ninayo hadi leo, na sijawahi kujua kama video ile ilikuwa nzuri.

Katika mashindano ya pili sikushinda chochote. Lakini mmoja wa majaji, ambaye sijawahi kumwona kwa macho, aliniandikia mistari saba. Alisema kwamba katika kiitikio cha pili nilikuwa nimekata picha kwa kila mdundo, jambo ambalo lilionyesha ustadi wa mkono lakini likaua huzuni ya bibi ambaye ndiye kiini cha video. Alinishauri niuache uso wa bibi yule ubaki sekunde mbili zaidi na kuuacha mdundo upite bila mkato. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilifungua kazi yangu, nikaongeza zile sekunde, nikaona kwamba alikuwa amesema kweli. Mistari ile saba imenifundisha zaidi ya nembo ile.

Ninalo pia kovu jingine, nalo si langu. Rafiki yangu mmoja, aliyekuwa na jicho kali kunishinda mimi, alipeleka kazi zake mara tatu katika mashindano mbalimbali. Mara zote tatu alipata orodha ya washindi, basi. Hakuambiwa kama alikosa kwa alama moja au kwa alama ishirini, wala kama tatizo lilikuwa wimbo, mpangilio au rangi. Mara ya tatu alifuta kila alichokuwa nacho na kuuza tarakilishi yake. Kushindwa alikuwa amekuzoea, maana alikuwa mchezaji wa kandanda. Kilichomvunja moyo ni kutojua kama kuna mtu yeyote aliyemtazama hadi mwisho.

Wapo watakaonipinga kwa hoja nzito. Watasema kwamba kura ni ya haki kwa sababu inawapa mashabiki wote sauti, ilhali majaji ni wachache na wana mapendeleo yao. Watasema pia kwamba uhakiki huumiza, na kwamba watu wanaofanya kazi kwa mapenzi hawapaswi kukosolewa kama watahiniwa. Juu ya hayo, majaji wenyewe ni wa ridhaa, na kuandika maelezo kwa kila video ni mzigo.

Hoja hizi siwezi kuzipuuza, lakini mifano ipo ya kuonyesha kwamba zinaweza kujibiwa. Jijini Chicago, kuanzia mwaka 2002 hadi 2018, wahariri walikutana kila mwaka katika kongamano la Vividcon, na baada ya video mpya kuonyeshwa kulikuwa na kikao cha kuzihakiki kwa kina. Watu walikuja licha ya uhakiki huo, na naamini wengi walikuja kwa sababu yake. Tovuti ya AnimeMusicVideos.org, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya video za katuni za Kijapani, ilikuwa na kura za kila mwaka, lakini pia ilimpa mtazamaji fomu ya kutoa maoni kuhusu vipengele mbalimbali vya video. Kura na sababu ziliishi nyumba moja. Na tusiende mbali. Nani kati yetu aliyepitia shule za Kenya hakumsikia mwamuzi wa tamasha la muziki akieleza, kabla ya kutaja matokeo, kwamba sauti ya tatu ilizama na kwamba mavazi yalipendeza? Tulimnung'unikia mwamuzi yule njia nzima ya kurudi shuleni, lakini mwaka uliofuata sauti ya tatu haikuzama.

Hapa narejea kwa mama mdogo. Nilipokuwa msichana alikuwa akinichukua katika harusi za taarabu. Nilimwona ameikunja noti ya shilingi hamsini mkononi tangu wimbo uanze, asiinuke. Beti zilipita. Kisha ubeti mmoja ulipoimbwa, aliinuka kwa madaha, akaenda hadi mbele, akamtuza mwimbaji, akageuka na kurudi. Nilimuuliza mbona hakuitoa mapema tukakaa kwa raha. Akanijibu, “Ningetoa mwanzo, angejuaje nimependa lipi?”

Waama, jibu hilo ndilo fasili ya kutuza ambayo tumeipoteza. Katika ukumbi wa taarabu, noti husema. Mwimbaji hujua ni ubeti gani uliomgusa mtu, na wanawake wengine ukumbini hujua pia, wakati mwingine kwa uchungu. Anayetuza huwa amesikiliza, amechagua, na amejitokeza hadharani kuutetea uteuzi wake. Tukiipima kwa kigezo hicho, nembo yangu ya kwanza haikuwa tuzo. Mistari saba ya yule jaji ilikuwa tuzo, ingawa jina langu halikuwamo katika orodha ya washindi.

Pendekezo langu basi ni dogo. Kura zibaki, kwa sababu furaha ya mashabiki ni yao. Lakini pawe pia na jopo, na kila anayeshiriki, awe ameshinda au ameshindwa, apate angalau mistari mitatu inayotaja sehemu mahususi ya kazi yake. Wakiwa wengi mno kuliko uwezo wa majaji, washiriki wenyewe wapewe kila mmoja kazi mbili za wenzake azihakiki. Na kwa kuwa ninaandika katika jarida la chama cha Kiswahili, sioni ni kwa nini kanuni hiyo isitumiwe katika mashindano yetu wenyewe ya mashairi na hadithi fupi. Wangapi kati yetu waliwahi kuwasilisha shairi wasisikie neno lolote tena?

Mwezi ujao nitakuwa jaji kwa mara ya kwanza, katika mashindano madogo ya wahariri wa ridhaa. Nimepewa video kumi na nne. Nimekwisha kuzitazama tisa, na daftari langu linajaa polepole kuliko nilivyodhani. Mama mdogo alinipigia simu juzi akaniuliza kama safari hii nalipwa. Nikamwambia la, safari hii ni mimi ninayetuza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimeshaujua ubeti.