Kitabu Hakizikwi na Dola

Yako maneno mawili yasemwayo hapa Ikungi, na kwingineko, juu ya vitabu vikuukuu vya Moscow vilivyofasiriwa kwa Kiingereza. Mwenye kuvidharau husema ni takataka za dola iliyovunjika mwaka 1991. Mwenye kuvikusanya husema ni hazina, kisha huvifungia kabatini visiguswe. Nayakataa maneno yote mawili.

Huyo wa kwanza amechanganya kitabu na bendera. Bendera hushushwa, kitabu hubaki na hoja yake. Chekhov alikufa mwaka 1904 na Tolstoy mwaka 1910, kabla dola hiyo haijazaliwa, lakini wasomaji wengi wa Afrika walikutana nao katika vitabu vya bei nafuu vya shirika la Progress. Riwaya ya Gorky iitwayo Mama ilifasiriwa na Margaret Wettlin, Mmarekani aliyekwenda kuishi huko mwaka 1932. Mwanafunzi wetu, afundishwaye kwa Kiswahili katika shule ya msingi na kwa Kiingereza katika sekondari, aweza kuona hapo kwamba Kiingereza kina habari za wengine pia, si za Waingereza peke yao. Je, hiyo ni takataka?

Sikatai kwamba propaganda ilikuwamo. Riwaya ya Pasternak, Doctor Zhivago, ilitoka Italia mwaka 1957, lakini haikuchapishwa katika nchi yake mwenyewe mpaka mwaka 1988. Basi kabati la vitabu vya Moscow peke yake ni ushahidi wa upande mmoja. Dawa yake ni kumwita shahidi wa pili, si kumfukuza wa kwanza.

Lakini lawama kubwa zaidi ni ya mkusanyaji, kwa kuwa aijua thamani ya kitu, na bado awanyima watu. Katika kurasa za mwisho za vitabu vingi vya Progress mna ombi: msomaji apeleke maoni yake juu ya kitabu, tafsiri yake na umbo lake. Wachapaji wale walikiri kwamba kazi haijatimia mpaka msomaji ajibu. Mwenye kukifungia kitabu amelificha hata swali. Ahesabu majalada, asifu karatasi, atafuta chapa ya kwanza. Na mchwa hawajui chapa ya kwanza wala ya pili.

Waliouliza wamekwenda zao. Jibu letu na liende kwa wenzetu, tena kwa Kiswahili. Shirika hilo lilichapa vitabu kwa Kiswahili pia. Na vitafutwe, viwekwe kando ya vile vya Kiingereza, visomwe kwa kulinganishwa. Mwanafunzi afanyaye hivyo ataona mahali mfasiri alipofaulu na mahali alipopotoka, naye ataipima lugha yake kwa mizani ya lugha za wengine.

Hiyo ndiyo faida ya kukusanya. Isipokuwapo, mkusanyaji hapiti mwuza karanga achanaye kurasa kufungia bidhaa yake. Tena mwuza karanga ana udhuru, maana ukurasa wake walau hufika mikononi mwa watu.