Haki Isiyo na Daftari

Leo twataka kusema wazi neno ambalo kwa desturi husemwa kwa kunong'onezana, nalo ni habari ya watumishi wanaosumbuliwa kazini kwa maneno na vitendo vya tamaa. Binti aliyeajiriwa juzi huambiwa na mkubwa wake abaki afisini baada ya saa za kazi, ndipo barua yake ya kuthibitishwa itakapotiwa sahihi. Akikataa, jalada lake halionekani tena. Nasi makarani, ambao majalada yamo mikononi mwetu, twaona yote, kisha twainamisha vichwa.

Yafaa ijulikane kwamba jambo hili si mzaha, bali ni kosa. Hapa Tanzania, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilikataza usumbufu huu, hata ule wa maneno matupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yauhesabu kuwa ubaguzi. Tena mkubwa anayetaka mwili wa mtu uwe bei ya ajira au cheo atenda rushwa ya ngono, iliyokatazwa kwa sheria ya mwaka 2007. Sheria hizi zamlinda mwanamke na mwanamume sawasawa.

Walakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni vivyo hivyo. Basi aliyesumbuliwa na aandike siku ile ile: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, na nani alikuwapo. Ujumbe wa simu asiufute. Malalamiko yake na ayapeleke kwa barua, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Habari ya rushwa ya ngono yapelekwa TAKUKURU, ambao simu yao 113 haina malipo. Na polisi wanalo dawati la jinsia.

Tena asikawie. Anayeachishwa kazi ana siku 30 tu za kufikisha shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mashauri mengine yana siku 60. Lakini sisi watumishi wa serikali sharti tumalize kwanza njia za rufani zilizomo katika Sheria ya Utumishi wa Umma. Anayeziruka hurudishwa alikotoka.

Wako watakaouliza, je, mkubwa akisingiziwa? Swali hili ni la haki, na jibu lake ni lile lile. Maandishi ya siku ile na ushahidi wa waliokuwapo humwokoa asiye na hatia kama vile yanavyomfunga mkosaji. Anayedhuriwa na daftari ni yule tu anayetegemea kimya.

Kwa hiyo ombi letu hatulielekezi kwa aliyeonewa peke yake, maana mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote afisini. Twalielekeza kwako, karani wa meza ya pili, uliyesikia maneno yale ukajifanya unahesabu karatasi. Chama chetu chadai mshahara wa haki na heshima kwa watumishi. Twawezaje kuidai heshima hiyo kwa Serikali, na huku twamnyima mwenzetu sahihi moja ya ushahidi?